Tupeane uzoefu: uchumi ukiyumba, mipango ya kampuni inaendeshwaje?

Mleta uzi: Wakuu, bajeti ya mwaka ikishapitishwa, bei za malighafi na viwango vya kubadilisha fedha haviisubiri. Wenye kazi hii mwageni mbinu. Siasa tuziache.

Mhasibu: Anza na fedha taslimu, faida baadaye. Jedwali la wiki 13: salio la kuanzia, zinazoingia, zinazotoka, salio la kufungia. Kila Jumatatu wiki iliyopita inatoka, mpya inaingia mwishoni. Kinachoharibu ni kuandika mapato kwa tarehe ya ankara. Mteja wa siku 30 ambaye hulipa siku ya 52, mwandike siku ya 52, mkataba useme unavyosema. Mishahara, kodi na marejesho ya mkopo viingie kwanza, havisogezeki.

Mtu wa manunuzi: Mnasahau bei. Mzigo umenunuliwa 100, ukauzwa 125. Unarudi kwa msambazaji, umefika 130. Vitabuni una faida ya 25, na kodi yake utadaiwa, lakini mzigo uleule huwezi tena kuurudisha stoo. Panga bei kwa gharama ya kununua upya. Profoma (ankara ya awali anayopewa mteja kabla ya kulipa) iishe muda baada ya saa 72, na iseme wazi kwamba kiwango cha kubadilisha fedha kikisogea zaidi ya 3% kabla ya malipo, bei inapitiwa upya. Ila msijaze stoo kwa hofu. Bidhaa inayotoka polepole inafunga mtaji.

Mpangaji: Kampuni ya mafuta ya Shell ilisifika kwenye mshtuko wa mafuta wa 1973, bei iliporuka ghafla, kwa sababu mpangaji wake Pierre Wack na wenzake walikuwa wameshauliza mapema: bei ikiruka, tutafanyaje? Swali hilo bila hatua ni porojo za kikao. Andika kiashiria, kikomo, hatua na mhusika. Mfano: salio la wiki yoyote kati ya zile 13 likishuka chini ya mishahara ya wiki 6, ajira mpya zinasimama na ununuzi wa mitambo unasogezwa, mkuu wa fedha anatekeleza ndani ya saa 48 bila kuitisha kikao. Viashiria 4 au 5 vinatosha. Vikifika 20 hakuna anayeviangalia.

Mtu wa manunuzi: Nakazia hapo kwenye "bila kuitisha kikao". Mipango mingi hufia hapo.

Mjenzi: Saa 72 kwenye zabuni haipiti, zabuni nyingine zinataka bei isimame siku 90. Huko dai kanuni ya marekebisho ya bei:

bei mpya = bei ya awali × (0.15 + 0.35 × L1/L0 + 0.50 × M1/M0)

L ni fahirisi (namba inayopima mwenendo wa bei) ya ujira, M ya vifaa; 0 ni ya tarehe ya msingi, 1 ni ya sasa. Sehemu ya 0.15 haibadiliki. Vifaa vikipanda 20% na ujira ukibaki palepale, malipo yanapanda 10%. Angalieni sana tarehe ya L0 na M0. Iwe karibu na siku ya kufungua zabuni. Ikiwekwa siku ya kusaini mkataba, ongezeko lote la hapo katikati unalibeba wewe.