VAT (kodi ya ongezeko la thamani) si jambo la Muungano. Sasa lile dirisha la bandarini limetoka katiba gani?

Wakuu, salamu zenu, ila leo nina hasira. Mods, naomba msiuunganishe na ule uzi wa kero za Muungano, ule ushakuwa kaburi, kila anayezikwa humo hasikiki tena.

Jumanne nimevuka na boti ya asubuhi kutoka Unguja, nina maboksi mawili ya blenda, 12 kwa jumla. Nimezinunua Darajani kwa mtu anayeagiza Dubai. Bei kabla ya kodi 65,000 moja, jumla 780,000, juu yake VAT ya kwetu 15%, yaani 117,000. Risiti ninayo, ya mashine, si ya kuandikwa kwa biki. Nimeteremka Dar, nimeelekezwa dirishani kwa watu wa kodi wa Bara. Kijana wa pale, shati limenyooka kwa pasi, akaiangalia risiti yangu kama anaangalia tiketi ya daladala ya juzi.

"Mzee, hii haisomi kwenye mfumo wetu."

Akafungua orodha yake, akasema blenda ya aina hii ni 90,000. Mara 12, 1,080,000. Asilimia 18 yake, 194,400, lipa. Nikamwambia mwanangu, hizi zimeshalipiwa kodi, tena ndani ya nchi hiihii unayoiona kwenye kitambulisho changu. Akacheka. Saa tatu nzima nimesimama, mvua ikapita, boksi moja likarowa, mchukuzi akadai malipo ya pili kwa kuwa nimemchelewesha. Mwisho, baada ya kuitwa mkubwa wake, wakakubali kutoa ile 117,000 niliyolipa kwetu. Nikabaki na 77,400 za kulipa.

Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Kwa bei niliyonunulia kweli, tofauti ya 15 na 18 ni 23,400 tu. Hiyo nisingeinung'unikia sana, ningesema ndiyo gharama ya kuuza Kariakoo. Lakini zile 54,000 za juu ni kodi ya pesa ambayo sikuitoa mfukoni kwangu wala sikuipokea kwa mtu. Ni kodi ya bei ya kwenye orodha ya kijana yule.

Nimerudi nyumbani nikakuta humu mmeshaanza tena, kundi moja linasema Dodoma haiwezi kugusa VAT mpaka Zanzibar iridhie, kundi jingine linajibu nchi moja, kodi moja, Wazanzibari mnadeka. Nyote wawili hamjafungua Katiba.

Fungueni Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Muungano ya 1977, orodha ya mambo ya Muungano. Jambo la 10 linataja kodi ya mapato, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa zinazotengenezwa nchini. VAT haimo. Ndiyo maana Zanzibar ina Sheria yake ya VAT, Namba 4 ya 1998, na Bara wana yao, ya sasa ni Namba 5 ya 2014. Kwa hiyo Bunge likiamua VAT ya Bara iwe 18, au 20 kama ilivyoanza 1998, au ngapi sijui, halihitaji ridhaa ya Zanzibar hata kidogo. Na Baraza la Wawakilishi, ndilo bunge la Zanzibar, likiweka 15, halimwombi mtu. Dodoma nayo haiwezi kuitungia Zanzibar VAT, kwa sababu kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinasema sheria ya Bunge haitumiki kule ila ikiwa ya mambo ya Muungano tu, na lazima ipelekwe mbele ya Baraza. Mkitaka kuingiza VAT kwenye Muungano ndipo itahitajika theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande peke yake. Hapo ndipo ridhaa ilipo. Kwingine kote kila mtu na chungu chake.

Na kuna kichekesho ambacho nadhani wengi hamkioni. Muswada wa Fedha unaobadilisha VAT ya Bara unapita kwenye Bunge lilelile ambalo wabunge wetu wa majimbo wamekaa, pamoja na wale 5 wanaotoka Baraza la Wawakilishi. Wanapiga kura! Wamo ndani wakati kiwango kinapangwa, wanasema ndiyooo pamoja na wenzao, halafu wanapanda boti kurudi kutuambia suala la kodi linafanyiwa kazi. Mimi mbunge wangu sijawahi kumsikia akiuliza, mheshimiwa Waziri, hii 18 ikikutana na 15 yetu pale gatini, nani anabeba mzigo?

Kila upande una haki ya kupanga kwake. Sawa. Lakini bidhaa haikai kwake, inavuka maji, na pale inapovuka hakuna sheria inayomlazimisha aliyebadilisha akae na mwenzake kwanza. Ridhaa haipo kwa sababu kwenye karatasi haihitajiki, na madhara yapo kwa sababu bahari ni nyembamba.

Mnaukumbuka umeme? Unguja tunapata umeme wa Bara kwa waya unaopita chini ya bahari, unatokea Ras Kiromoni unaibukia Fumba. TANESCO, shirika la umeme la Bara, wanauza, ZECO, shirika la Zanzibar, wananunua, na VAT ya Bara ya 18% ikawekwa juu ya umeme ule. Kodi isiyo ya Muungano, ya upande mmoja, ikawa inaingia kwenye taa ya bibi yangu kule Makunduchi. Deni likajaa mpaka shilingi bilioni 22.9, viongozi wakavutana miaka, ndipo 2019 Baraza la Mawaziri la Muungano likalifuta na sheria ikarekebishwa ili umeme unaouzwa Zanzibar utozwe sifuri. Alhamdulillah. Lakini angalieni aliyeamua: iliwekwa na upande mmoja, ikaondolewa na upande uleule. Sisi tulikuwa tunasubiri huruma.

Wenzetu hawaachi hivihivi. India, kiwango cha GST, ndiyo VAT yao, kinapita kwenye baraza ambalo serikali kuu ina theluthi moja ya uzito wa kura na majimbo theluthi mbili, na uamuzi unataka robo tatu. Serikali kuu pekee haifiki, majimbo pekee hayafiki. Australia, sheria yao ya 1999 inasema ile 10% ya GST yao haiguswi mpaka majimbo yote yakubali. Ni kweli ile ni sheria ya kawaida, Bunge lao likitaka kuikiuka linaweza kuifuta, lakini waziri atakayejaribu atajibu kwa wapiga kura wa kila jimbo. Sisi hata ahadi ya namna hiyo hatuna.

Na msiniambie hakuna chombo. Ibara ya 134 ya Katiba ya 1977 imeunda Tume ya Pamoja ya Fedha, na moja ya kazi zake ni kuangalia wakati wote mfumo wa fedha wa Jamhuri na uhusiano wa kifedha kati ya Serikali mbili. Uhusiano wa kifedha ni nini kama si hii risiti yangu iliyokataliwa? Ninachotaka ni kidogo: kabla upande wowote haujagusa kiwango, upeleke pale wiki chache kabla, wapige hesabu ya kitakachotokea bandarini, waitangaze. Halafu ile mifumo miwili isomane, maana ni aibu simu ya mkononi kutuma pesa Unguja hadi Mwanza kwa sekunde, na risiti ya Darajani kushindwa kusomeka ng'ambo ya maji.

Aliyewahi kudai pesa ya namna hii akarudishiwa, aje atuambie alipita mlango gani. Wale wa "mnadeka" leo nipisheni. Risiti zangu zote mbili nimezitunza. Blenda 11 zimeuzwa, mteja wangu wa kwanza alishanunua kwingine nikauza kwa hasara. Ile moja iliyorowa haiwaki.