Naomba ushauri: mtoto afika getini, haingii

Assalaam aleikum walimu na wazazi wa Lamu. Tangu shule zifunguliwe tena Januari 2021 baada ya kufungwa kwa ajili ya korona, wapo watoto ambao tumbo huwauma kila asubuhi ya shule, Jumamosi wazima kabisa. Hiyo ni hofu, si uvivu. Kumwacha nyumbani kunampa nafuu siku hiyo, kesho hofu inazidi.

Kumrudisha darasani, tunaanza na vipindi 2 kwa siku wiki ya kwanza, 4 ya pili, kisha siku nzima. Mwalimu mmoja, yule yule, ampokea getini. Akiulizwa mbele ya darasa alikuwa wapi, au akichapwa, kazi yote imeharibika.

Kizungumkuti ni wanaovuka kwa boti kutoka kisiwa cha Manda: saa nne vipindi vimekwisha, boti ya kurudi ni jioni. Wakae wapi, na nani, bila kuonekana wameadhibiwa?