Naombeni ushauri: kamba gani inafaa kufungia boti kwenye boya, bwawa la Nyumba ya Mungu? Ya sasa imekatika

Mvushaji_Moshi
Wakuu habari za jioni. Mimi naishi Moshi ila boti yetu inakaa bwawani Nyumba ya Mungu, ni faiba ya futi 20 na injini ya HP 15, kikundi chetu kinavushia watu na mizigo kwenda upande wa Simanjiro. Haturuhusiwi kuiacha pale wanapopandisha mitumbwi kwahiyo inalala majini, chini kuna zege tumemwaga ndani ya tairi la lori, kwenye zege kuna mnyororo unapanda mpaka kwenye boya, afu kutoka kwenye boya ndo kuna kamba mpaka omo, yaani mbele ya boti. Boti inazunguka yenyewe kufuata upepo.

Sasa juzi upepo wa mchana umekaza kamba ikakatika, boti tumeikuta kwenye matete, namshukuru Mungu haijapasuka. Kamba ni hizi manila za plastiki za bluu, milimita 12. Ninayo hapa mkononi, haijakatikia kwenye fundo, imekatikia pale inapopita ukingo wa faiba. Nyuzi zimechambuka upande mmoja na ukiikunja inakuachia unga wa bluu kwenye vidole. Hadwea wananiambia nichukue hiyohiyo ila nene. Afu kuna jamaa wa kampuni ya kupandisha wageni mlimani anataka kutuuzia kamba zao za kupandia walizoacha kutumia, bei nzuri tu. Naombeni mawazo, aina gani, unene gani, na kuitunza inakuaje maana abiria wetu wanaitegemea hii boti.

fundi_faiba
Pole sana mkuu. Huo unga ni jua. Manila ya plastiki jua linaila taratibu, kwa nje unaona rangi imepauka kidogo tu kumbe nyuzi za juu zishakufa. Ukinunua nene itakaa zaidi kidogo ila ugonjwa ni uleule. Na kingine inaelea, upepo ukitulia inazagaa juu ya maji, siku unawasha injini inaingia kwenye propela. Ile ni kamba ya kuokotea vitu majini sio ya kushikilia boti usiku kucha.

Mtanga_wa_Arusha
Ndugu yangu, mimi nimekulia Tanga kwenye vyombo, sa hivi niko Arusha, na hili jambo naliona watu wengi wa maziwa na mabwawa wanalichukulia rahisi wakati ndio roho ya chombo.

Nunua nailoni, ile iliyosokotwa nyuzi tatu, milimita 16. Nailoni inavutika, boti ikirushwa na wimbi kamba inanyooka kidogo kidogo badala ya kushtua chuma na faiba, ndo maana inapendwa kwa kazi hii. Mpya ya 16 inahimili karibu tani 5 kabla ya kukatika, boti yako haitafika huko, ila unene huo unakupa nafasi pale itakapoanza kulika na hata kushika mkononi ni rahisi. Ikilowa inapungua nguvu kama asilimia 10 hadi 15, hio isikutishe.

Dukani usikubali jina tu maana kila kitu wanakiita nailoni. Omba kipande kifupi, weka kwenye beseni la maji, ikielea ni ile manila yako ya plastiki, ikizama ni nailoni au poliesta. Nailoni ukiivuta kwa mikono unaisikia inatoa, poliesta ni ngumu zaidi kuvutika ila inavumilia jua na kusuguliwa kuliko nailoni.

Sasa sikiliza hapa kwenye kukatika. Boti ikiwa kwenye boya haitulii, inaenda kushoto inarudi kulia mchana na usiku, na kila ikienda kamba inasugua palepale kwenye ukingo. Hata ungefunga kamba ya meli ingelika. Kwahiyo kwanza chukua msasa ulainishe ule ukingo wa faiba, pitisha kidole, kikikwaruzwa na kamba itakwaruzwa. Afu ivalishe kamba kitu sehemu ile, turubai zito au kipande cha bomba la zimamoto lile la kitambaa, urefu wa kutosha nje na ndani ya ukingo, ukishone au ukifunge kwa uzi ncha zote mbili lisitembee.

Mvushaji_Moshi
Asante sana kaka mkubwa. Bomba la kumwagilia bustani je? Ninalo nyumbani.

Mtanga_wa_Arusha
Hilo usiweke kwa nailoni. Kamba ikivutwa na kuachiwa mfululizo nyuzi zinasuguana ndani kwa ndani zinapata moto, kama waya ukiukunja huku na huku palepale. Kamba ikiwa wazi maji yanaipoza, ukiifunika na mpira maji hayafiki, siku ya upepo mkali inayeyuka kwa ndani wewe nje unaona bomba zima zuri. Kitambaa kinapitisha maji. Kama una hela, kile kipande cha kupita ukingoni kiwe poliesta afu kuanzia hapo mpaka kwenye boya ndo nailoni, kitanzi kwa kitanzi.

Na vitanzi sukeni, msifunge fundo. Fundo linaweza kula hata nusu ya nguvu ya kamba, kitanzi kilichosukwa vizuri kinabaki na asilimia 90 hivi. Unafumua zile nyuzi tatu, unazichomeka moja moja kwenye mwili wa kamba, kila moja inapita juu ya mwenzie inazama chini ya inayofuata, rudia mara tano kwa nailoni maana inateleza. Upande wa boya ndani ya kitanzi weka ile chuma ya kukinga kamba isigusane na pete.

Guide_Machame
Nadandia hapo kwenye kamba za mlima kwasababu ndo kazi yangu. Mkuu usinunue. Ni nailoni kweli na zinavutika, ila nyingi ni milimita 10 hivi, na zina ganda la nje linaloficha kiini. Kiini kinaweza kua kimeumia nje huoni kitu. Tunaziacha kwasababu hatuziamini tena, sasa kama sisi hatuziamini na mtu mmoja wewe unafungia boti ya abiria kwanini?

zege_na_nondo
Mimi nagusia chini maana kamba nzuri juu ya nanga mbovu ni bure. Zege likiwa majini linapoteza zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake, kilo 200 za nchi kavu kule chini hazifiki 120. Kinachokusaidia ni tope, tairi likishazama kwenye tope linashika, kwahiyo msiliburuze kila mara. Na kati ya mnyororo na boya kuna kile kiungo cha kuzunguka? Kama hakuna boti ikizunguka mnyororo unajisokota. Pini ya kila pete ifungwe kwa waya isijifungue yenyewe.

Mvushaji_Moshi
Kiungo hakipo, nitaweka. Kuzamia kukagua ndo tatizo, pale mamba wapo.

zege_na_nondo
Asizamie mtu! Siku ya maji shwari lete boti nyingine, inueni boya mvute mnyororo juu kadri mnavyoweza bila kung'oa zege, mkague pete na mnyororo, sehemu iliyolika mtaiona, chuma inakua nyembamba pale inapogusana na mwenzie.

Mvushaji_Moshi
Nashukuru wakuu. Kwahiyo nailoni 16, turubai, vitanzi vya kusuka. Maswali ya mwisho, kuiosha, na urefu. Maji yale yanapanda na kushuka sana, masika mito ya Kikuletwa na Ruvu ikijaa ni habari nyingine kabisa na kiangazi.

Mtanga_wa_Arusha
Kuosha, bwawani hakuna chumvi ila kuna tope, vumbi la tope likiingia katikati ya nyuzi linakata kama msasa. Ivue, iloweke maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, isuuze, ianike kivulini. Jiki hapana, na mashine ya presha hapana maana inasukuma mchanga ndani. Uwe nazo mbili za kubadilishana. Kila ukienda kwenye boti sogeza turubai uangalie chini yake, afu fungua nyuzi kidogo kwa kuipotosha kamba kinyume uone ndani, ukikuta unga, au sehemu ngumu inayong'aa imeyeyuka, au imebonyea, kata hicho kipande siku hiyohiyo.

Urefu, kinachobeba kina cha maji ni mnyororo sio kamba. Pima kina maji yakiwa juu kabisa, mnyororo na kamba jumla visipungue mara tatu ya hapo. Mkipima kiangazi, masika mnyororo utasimama wima na wimbi litainyanyua nanga. Kiangazi utakua mrefu na boti itazunguka eneo kubwa, kwahiyo angalia mitumbwi ya wenzako na miamba iko umbali gani. Kamba ya boya mpaka omo yenyewe fupi tu, pima omo iko juu ya maji kiasi gani, zidisha mara mbili na nusu, ongeza pale mpaka kwenye chuma ya kufungia. Ikizidi sana inajiviringa kwenye boya upepo ukitulia.

Na funga ya pili, chuma yake peke yake, ndefu kidogo kuliko ya kwanza ili isifanye kazi mpaka ya kwanza ikatike. Hio ya pili ndo ingewazuia msiende kwenye matete.