Naomba ushauri: meneja anataka tufiche mikopo chechefu (isiyolipwa)

Wakuu, shikamooni. Nipo kamati ya mikopo ya SACCOS moja hapa Uyole, Mbeya. Bei ya viazi ilishuka, wengi wameshindwa kurejesha. Sasa meneja anataka tuwape mikopo mipya walipie ile ya zamani, vitabu vionekane safi. Jana nimeshika faili moja: shamba la dhamana lililokuwa milioni 3 limeandikwa milioni 9, na aliyelithamini hakukanyaga hata tuta moja.

Marekani walikopesha hivyo hivyo kwa nyumba, mpaka benki kubwa ya Lehman Brothers ikafilisika Septemba 2008. Benki Kuu yetu inataka mikopo chechefu ya mabenki isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Sisi tumeshapita mbali. Na humo zimo akiba za mama zetu wa sokoni!

Nikigoma kusaini, nianzie kwa ofisa ushirika au nisubiri mkutano mkuu? Kikao ni Alhamisi.