MREJESHO: Ziara ya miguu Lübeck na mama

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kama ziara ya kutembea na mwongozaji pale Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, itamfaa mama yangu aliyekuja kunitembelea, maana magoti yanamsumbua. Tumeenda, na amefurahi mno.

Mliosema tuchukue mwongozaji, asanteni sana. Tungepita wenyewe tungeona matofali mekundu tu. Kwenye lango la Holstentor, lililojengwa kati ya 1464 na 1478, alituonyesha minara ilivyoinama kwa sababu ardhi ya chini ni tepetepe. Jirani kuna maghala ya chumvi iliyotoka Lüneburg. Chumvi hiyo ndiyo iliyohifadhi samaki na kuutajirisha mji.

Ila kilichotugusa zaidi ni kanisa la Mtakatifu Maria. Ndani ya mnara wa kusini, kengele zilizoanguka kwenye shambulio la mabomu la Machi 1942 bado ziko palepale sakafuni, zimevunjika vipande. Hawakuziondoa. Mama alisimama hapo muda mrefu, akauliza watu wa mji walikimbilia wapi usiku ule.

Kuhusu magoti: mji wa kale hauna miinuko mikali, kazi iko kwenye barabara za mawe. Vaeni raba zenye soli nene, na mwongozaji aambiwe mapema. Wetu alipunguza mwendo na kila mara akamtafutia mama pa kukaa. Vichochoro vingine vina milango mifupi, mtu mzima anapita ameinama, hivyo mama alitusubiri nje. Kwa mzazi wa aina hiyo chagueni kikundi kidogo.