Watoto wanaosoma nyumbani na ujasiriamali: nianze na mradi gani?

MamaWawili
Wadau, habari zenu. Ni watoto wawili, miaka 9 na 13, wanasomea nyumbani. Ujasiriamali nimeutengea saa tatu kwa wiki. Miongozo mingi inaanza na "andika mpango wa biashara", na hapo huyo mdogo anasinzia. Mradi gani una mtaji mdogo na hesabu za kweli, bila mzazi kuishia kufanya nusu ya kazi?

Uzi_na_Sindano
Madaftari ya kushona kwa mkono. Rimu moja ina karatasi 500. Kunja karatasi 10 za A4 katikati, unapata daftari la A5 lenye kurasa 40, kwa hiyo rimu inatoa madaftari 50. Watataka kuweka karatasi 20 ili linenepe. Kataa: mgongo unavimba, daftari halifungiki, na karatasi za ndani zinachomoza nje ya kava.

Matundu ni matatu, yote juu ya mkunjo: moja katikati, mengine sm 3 kutoka kila ncha. Uzi sm 50 unatosha. Sindano inaanzia ndani, inatokea tundu la kati, inaingia la juu, inapita kwa ndani hadi la chini na kutoka, kisha inarudi ndani kupitia la kati. Ncha mbili za uzi zikae pande mbili za ule uzi mrefu, ndipo ufunge fundo. Zikiwa upande mmoja mshono unalegea.

Kinachoharibu madaftari mengi ni kutoboa karatasi moja moja, maana matundu hayalingani. Bana zote kwa vibanio, toboa kwa mkupuo. Kusawazisha kingo kwa kisu na rula ya chuma ni kazi ya wa miaka 13, mtu mzima akiwa pembeni.

Mhasibu_Kimya
Mradi mzuri, ila somo lenyewe liko kwenye gharama. Nitumie namba tupu. Tuseme kila daftari linakula karatasi za 10, kava 8, uzi 2. Jumla 20. Madaftari 50 ni 1,000. Sasa matano yameharibika. Mtoto akiuza yaliyobaki kwa 22 atakwambia ana faida ya 2 kwa kila moja. Mwache apige hesabu: 45 × 22 = 990. Amepata hasara ya 10. Gharama halisi ni 1,000 ÷ 45, yaani 22 na kitu. Akishaiona mwenyewe, huna haja ya kumhubiria kuhusu uharibifu.

Mtego wa pili ni asilimia. Kitu cha gharama 20 kikiuzwa 30, faida ni 50% ya gharama lakini ni 33% tu ya bei. Mkubwa atasema "nina faida ya 50%, punguzo la 40% halinidhuru." 30 ukitoa 40% inabaki 18. Yuko chini ya gharama.

Daftari la fedha liwe na safu tano: tarehe, maelezo, iliyoingia, iliyotoka, salio. Kila jioni ya mauzo salio lilingane na pesa zilizomo koponi. Lisipolingana, watafute kosa kabla ya kulala (mara nyingi ni chenji).

Kalamu7
Msiwauzie shangazi na babu peke yao. Ndugu hununua kwa huruma, na huruma haikuambii kama bei ni sahihi. Nusu ya wateja wawe watu wasiowajua watoto kwa karibu.

Halafu wasiulize "ungenunua hili?" Kila mtu atasema ndiyo kumfurahisha mtoto. Waulize: "Mara ya mwisho ulinunua daftari lini, na ulilipa kiasi gani?" Majibu kumi ya hivyo yaandikwe kabla ya kupanga bei.

MamaWawili
Asanteni sana. Mtaji niwape bure?

Mhasibu_Kimya
Hapana. Karatasi ikiwa ya bure, bei yoyote itaonekana ina faida. Iwe mkopo ulioandikwa: kiasi, tarehe ya kulipa, sahihi zao. Waanze na madaftari 10, si 50. Karatasi 400 zitakazobaki zisiandikwe kama hasara, ni mali iliyoko stoo. Wazihesabu na kuziandika ukurasa wake. Na mauzo yakiingia, kwanza watenge pesa za vifaa vya awamu inayofuata, halafu rejesho lako. Kinachosalia ndicho wanachoweza kubishania.