Mahindi ya chokaa, ya majivu au ya kukoboa: ipi inafaa kwa kande, ipi kwa nguruwe?

Mzee_wa_Vwawa
Wakuu, mahindi ya msimu huu yamekauka, yako stoo. Sehemu nataka iwe kande na ugali wa nyumbani, sehemu iende kwa nguruwe na kuku wa kienyeji. Miaka yote tumekuwa tukikoboa: sembe mezani, pumba bandani. Sasa nasikia Mexico wao huchemsha mahindi na chokaa na kuyalaza usiku kucha, ganda linatoka lenyewe. Na huku kwetu wapo wanaotumia majivu. Mnaoijua kazi hii, ipi bora? Naomba mtenganishe chakula cha watu na cha mifugo, sidhani jibu ni moja.

Mama_Tukuyu
Majivu, mzee wangu. Kwa kande sijaona kinachoyashinda. Chukua majivu ya kuni za mti mgumu, yasiwe ya plastiki wala mbao zilizopakwa rangi. Yaloweke, yaache yatuame, mimina yale maji ya juu yaliyo safi. Chemsha mahindi humo mpaka ganda liteleze ukilifikicha kwa vidole, epua, yaache yalale. Asubuhi sugua, osha kwa maji mengi. Ukichanganya na maharage, kande inaiva upesi na kuni zinabaki. Taabu yake ni kwamba majivu hayafanani, ya leo makali, ya kesho mepesi. Ukizidisha, kande inakuwa na ladha ya sabuni.

Lishe_Iringa
Kamwene wote. Mama kasema kweli, ila mimi nipo upande wa chokaa kwa sababu inapimika. Kilo 1 ya mahindi, maji lita 3, chokaa gramu 10, yaani kama kijiko kimoja cha mezani kilichojaa. Chemsha kwa moto mdogo kama dakika 40, laza saa 8 hadi 12, osha mara tatu au nne.

Chokaa zenyewe ni nyingi, na hapo ndipo watu wanapopotea. Inayotakiwa ni iliyochomwa kisha ikazimwa kwa maji, tena ya daraja la chakula. Chokaa ya shamba ni jiwe lililosagwa tu, haina ukali wa kutoa ganda. Ambayo haijazimwa hutokota ikikutana na maji, inaunguza ngozi na macho. Ya kupaka nyumba msiitumie, hamjui ina nini ndani. Na sufuria zetu za aluminiamu ziwekeni kando, maji haya yanazila. Tumieni chungu au chuma kisichoshika kutu.

Kinachonifanya niitetee njia hii si ulaini wa kande. Niasini, yaani vitamini B3, iliyomo kwenye mahindi imefungwa, mwili hauipati. Maji ya chokaa au majivu huifungua. Anayekula mahindi siku zote bila kitoweo anaweza kupata pelagra: ngozi inababuka panapopigwa na jua, anaharisha, mwisho akili inavurugika. Si habari za mbali hizi. Mwaka 1990, hapo Malawi ng'ambo ya Songwe, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliugua baada ya karanga kukatika kwenye mgao wao. Mahindi walikuwa nayo.

Kijana_Makambako
Magadi je? Yapo kila duka.

Lishe_Iringa
Yanalainisha, mdogo wangu, lakini mengine yana floraidi nyingi inayoharibu meno ya watoto, na yanaua vitamini B1. Sitayaweka kwenye chakula cha kila siku.

Fundi_Mashine
Niongeze la mashineni. Mahindi yaliyotoka kwenye chokaa yakija mabichi siyasagi, yanaziba chekeche. Kwa ugali yaanike mpaka yakauke kabisa, na kwa baridi ya Juni huku Mbeya hiyo ni kazi. Kwa kande hakuna shida, yanaingia chunguni moja kwa moja.

Mfugaji_Uyole
Upande wa mifugo, mzee, nakwambia wazi: ng'ombe usimsumbue. Vijidudu vya tumboni mwake vinamtengenezea niasini. Kuku wa kienyeji anayezurura anaokota wadudu, naye anajitosheleza. Nguruwe ndiye haipati hiyo niasini iliyofungwa, kwa hiyo chokaa inamsaidia kiasi. Ila hesabu kuni na maji ya kuosha. Ukinunua mchanganyiko wa vitamini na madini, niasini imo tayari. Na chokaa haileti protini. Bila soya au dagaa nguruwe hatakua, hata uchemshe vipi.

Jambo linalonikosesha usingizi ni hizo pumba. Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Ukikoboa, sembe yako inapungua sumu, pumba inaibeba, unampa ng'ombe, halafu sehemu yake inarudi kwenye maziwa wanayokunywa wajukuu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hii Dodoma na Manyara. Chokaa hupunguza, lakini haimalizi, tena sehemu ya sumu inaweza kurudi ikikutana na asidi ya tumbo. Kwa hiyo chagua punje kwanza. Zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu toa, na usimpe hata kuku. Kausha mpaka unyevu ushuke asilimia 13 au chini, ndipo ufunge gunia.

Mzee_wa_Vwawa
Ahsanteni sana. Basi kande naanza na majivu ya mama wakati natafuta chokaa ya chakula, na nguruwe nitawapa mahindi yaliyochaguliwa, yakasagwa na soya. Yale maji ya kuoshea, naweza kuyaweka kwenye pumba zao?

Mfugaji_Uyole
Hapana, mzee. Yale ni makali, na sehemu ya sumu iliyotoka kwenye ganda imo humo humo. Mwaga mbali na kisima na mbali na mahali kuku wanapokunywa.

Mama_Tukuyu
Ndaga fijo, hilo la maji sikulitaja. Na ganda lililotoka pia usiwape.